Kilomita Kumi kwa Lita

6 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na cherehani yake bado inawanyima usingizi majirani. Sisi huku hatujambo. Dada yako goti linamsumbua, ingawa akipata mahali pa kwenda kulilalamikia anatembea vizuri tu. Amesema nikuulize kwa nini hukuja mwisho wa mwaka, na kwamba usimtajie kazi.

Ningepiga simu, lakini wewe na simu hampatani. Ukipokea unapaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya mto, halafu unakata kabla sijamaliza salamu. Tuendelee na barua.

Nina ombi. Unajua gazeti letu la magari lina kitengo cha majaribio, na kwenye kitengo hicho mimi ndiye mtu wa injini. Mhariri ameniachia kurasa nne za toleo la Mei. Tunataka kulinganisha vizazi vitatu vya lile gari lako la michezo, tuone kila injini inaitumia vipi petroli inayopewa. Kizazi cha tatu tumeletewa na wauzaji, kinang'aa mpaka unaogopa kukigusa. Cha pili tumeazimwa na daktari mmoja wa meno. Cha kwanza nimekitafuta kila mahali, na kila nilichokipata kimeshabadilishwa injini. Kilichobaki na injini yake ya kuzaliwa ni chako.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Jaza tangi mpaka shingoni, endesha njia yenye mlima wa kupanda na kushuka, kwa sababu sisi pia tunapimia kwenye mlima, kisha rudi pampu ile ile ujaze tena mpaka shingoni. Gawanya kilomita kwa lita. Endesha kama unavyowafundisha wanafunzi wako, basi.

Msalimie mkaza mjomba. Mwambie gauni alilonishonea bado linanikaa, kwa shida.

Mpwa wako


22 Januari

Mpwa wangu, Bi Spana,

Marahaba. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako amepata kazi ya sare za shule mbili kwa mpigo, na nyumba nzima imejaa vitambaa vya bluu. Jana nimekuta kifungo kwenye mchuzi. Mwambie dada yangu sikuja kwa sababu ya kazi, na akikasirika mwambie ndiyo maana sikuandika.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale chuoni mbele ya walimu wenzangu wa udereva. Wale wanaoliita gari langu kabati la vyombo waliinamia vikombe vyao vya chai. Nilisema siku moja mtu mwenye akili zake atalihitaji, na mtu huyo amepatikana, na ni damu yangu.

Nimepima. Nilirudia mara mbili, maana mara ya kwanza hali ya hewa haikuwa nzuri. Njia ni ile ya kupanda mpaka kwenye matangi ya maji na kurudi. Andika hivi: kilomita kumi na nukta moja kwa lita. Injini ya silinda sita, kabureta mbili, umri wake unakuzidi. Hao wa daktari wa meno wamepata ngapi? Usinifiche.

Mkaza mjomba wako anasema gauni lirudishe alipanue, asikusikie umepunguza chakula.

Mjomba wako


9 Februari

Mjomba,

Shikamoo tena. Dada yako amecheka kifungo cha mchuzi mpaka goti likapona kwa muda. Hapa ofisini tumepata chumba kipya cha kupimia, kina feni kubwa ya kupooza injini, na kelele yake inanifuata mpaka nyumbani.

Hukutaka nikufiche, basi sikufichi. Kizazi cha pili kimetoa tisa na nusu. Cha tatu, chenye silinda nne tu na tabo ya kusukumia hewa ndani ya injini, kimetoa kumi na tatu, ingawa ndilo gari zito kuliko yote. Ukiwasha injini ya kizazi chako, katika kila lita tano ni moja tu inayosukuma gari. Nyingine nne zinaishia kuwa joto na moshi. Kizazi cha pili kinafikia robo. Hicho kipya kinapita theluthi. Ndiyo maana hesabu zangu zimekwama kidogo kwenye kumi yako. Si kwamba haiwezekani. Labda mguu wako ni mwepesi kuliko wa wengine, na hilo lingekuwa jambo zuri la kuandika.

Ila mhariri wetu ni mtu wa ushahidi. Anaomba upime tena, safari hii ukiwa na mtu kando yako wa kusoma mita na kutia saini. Usinichukie, unajua wakubwa wa kazi walivyo. Mchukue hata mkaza mjomba, atatoka kwenye vitambaa apate hewa.

Mpwa wako


26 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani. Nimechelewa kujibu.

Tulipata ajali mwanzoni mwa mwezi, tukishuka kutoka kwenye matangi. Breki zilikataa. Niliacha barabara nikalipeleka gari kwenye ukuta wa ghala, maana mbele kulikuwa na watu wanavuka. Mimi sina kitu. Mkaza mjomba wako amevunjika kifundo cha mkono, wa kulia. Wamemfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Usimweleze mama yako kwa haraka, mweleze akiwa amekaa.

Breki zilikuwa zimetengenezwa wiki ile ile na Fundi Grisi, yule wa karakana ya kona unayemkumbuka, aliyekufundisha kushika spana. Watu wanamsema. Mimi sijasema kitu.

Gari limelala nyuma ya nyumba, pua yake imeingia ndani. Kile kipimo cha pili hakikukamilika. Tumia cha kwanza.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na poleni sana. Nimemweleza dada yako akiwa amekaa, akasimama. Anataka kupanda basi aje kumsaidia mkaza mjomba kupika na kufua. Mwambie asikatae. Mimi mwenyewe nimesoma barua yako nikiwa kwenye chumba cha kupimia, nikazima feni, nikaisoma tena. Kumbe wakati nakulaumu moyoni kwa kuchelewesha kipimo, yeye amelala na plasta.

Nina swali moja la kifundi, na ninaliuliza kwa ajili ya Fundi Grisi, kwa sababu namkumbuka na najua kazi yake. Breki zilipokataa, pedali ilizama mpaka chini au ilikuwa ngumu? Ikizama, ni mafuta ya breki yamevuja, na hapo fundi anaweza kuulizwa. Ukinijibu hilo naweza kukusaidia kujua nini kilitokea.

Mkaza mjomba hawezi kuniandikia kwa sasa, najua ni mkono. Mwambie nasubiri, hata mwezi wa kumi.

Mpwa wako


15 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Dada yangu amefika salama na ameshabadilisha mpangilio wa jikoni. Hatupati chumvi.

Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Mara mbili za kwanza breki zilishika, ya tatu nilikanyaga kwa miguu yote miwili na gari likaendelea kwenda. Sasa umejua. Sioni itakusaidia nini wewe uliye mbali.

Plasta imetolewa. Mkono umenyooka, lakini kidole gumba hakishiki sindano. Sare za shule zimerudishwa kwa wenyewe bila kushonwa na vitambaa vya bluu havipo tena hapa ndani. Nyumba imekuwa pana, nami siipendi. Mkaza mjomba wako ananiandalia chai kwa mkono wa kushoto na kuniuliza wanafunzi wamefanyaje.

Chuo kimeacha kupeleka magari kwa Fundi Grisi. Mwenye chuo alisema mbele ya walimu wote kwamba hawezi kuweka roho za wanafunzi mikononi mwa mtu aliyeshindwa kufunga breki za rafiki yake. Wenye teksi nao wamehama. Nikipita namkuta amekaa kwenye gurudumu, mikono misafi. Ananisalimia, anauliza hali ya mgonjwa. Naitikia na kwenda zangu.

Basi tuachane na hayo. Uliandika kwamba gazeti ni la Mei. Limeshakwenda kwa mpiga chapa?

Mjomba wako


24 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa mkono ulionyooka, na kidole gumba nacho tutakiombea. Mwambie dada yako chumvi aiache mahali pake, hapo si kwake.

Gazeti halijakwenda. Nimezitoa zile kurasa nne. Nimemwambia mhariri bado sijaridhika, na kwa kweli sijaridhika na nafsi yangu.

Nianze na langu, kwa sababu linanichoma. Mhariri hakuomba shahidi. Mhariri aliipenda kumi yako, alishaitungia kichwa cha habari. Mimi ndiye niliyeomba. Sikuiamini namba yako, na sikuwa na uso wa kumwambia mjomba wangu kwamba simwamini, yeye aliyenifundisha kuendesha gari akiwa amenishikia mto mgongoni ili nifikie pedali. Nikajificha nyuma ya mtu mwingine. Nikasema mchukue hata mkaza mjomba. Mimi ndiye niliyemweka kwenye kiti kile, mjomba. Kila nikimfikiria na kile kidole gumba natamani ardhi inimeze.

Sasa hili la pili nitakuandikia kama ninavyoliandika kazini. Kabureta haina akili ya kujifunga. Gari la kizazi chako likishuka mlima, hata ukiondoa mguu kabisa, injini inaendelea kunywa petroli. Hicho kizazi cha tatu kikishuka, kinajifungia mafuta chenyewe, hakinywi hata tone, na gia imeingia, na injini inazungushwa na magurudumu, na breki zinafanya kazi kama kawaida. Karibu nusu ya faida yake yote kwenye mlima wetu ilitoka hapo. Mtu mwenye gari la kabureta akitaka faida ile, hana njia nyingine ila kuweka gia huru na kuzima injini.

Na lile debe jeusi linalousaidia mguu kukanyaga breki linapata nguvu zake kwa injini inayozunguka. Injini ikizimwa, unabakiwa na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu. Breki zilizofungwa vibaya hazifanyi hivyo.

Sikuulizi kitu. Sina haki ya kukuuliza. Nimekuandikia tu kwa sababu nikinyamaza na haya ninayoyajua, nitakuwa nakaa pale karakana ya kona kila siku nikimtazama Fundi Grisi kama wewe.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile barua ya Aprili ambayo sikuijibu. Niliiweka mfuko wa shati, nikaenda nayo kazini na kurudi nayo, mpaka dada yangu alipotaka kulifua lile shati nikamfokea bila sababu. Amerudi kwenu sasa, umeshamwona. Hajui kitu kutoka kwangu. Mweleze wewe, au mpe barua hii.

Nilizima injini. Nimeandika, nashusha pumzi.

Mara ya kwanza kabisa, mwezi wa Januari, niliendesha kama ninavyofundisha. Ikatoka saba na nukta nne. Nikamwambia mtu wa pampu amekosea, nikabishana naye mbele ya foleni nzima. Nilikuwa nimeshajipiga kifua pale chuoni, nimeshasoma barua yako kwa sauti. Nikiwa narudi nyumbani nikaona wananicheka wote, na wewe pia, na huyo daktari wa meno. Kesho yake nilipanda tena, na kule juu kwenye matangi nikaweka gia huru na kugeuza ufunguo. Gari likashuka kimya mpaka mjini. Mimi, niliyewahi kumwangusha mtoto wa mwenye chuo mtihani kwa kushuka na gia huru, nikamwandikia baba yake sababu kwa kalamu nyekundu. Ilitoka kumi na nukta moja, na nilifurahi. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote, kwamba nilifurahi kweli.

Ulipotaka shahidi nilijua umenishuku. Usijibebeshe mzigo huo. Ningeweza kuandika saba na nukta nne siku ile ile, mambo yakaishia kwenye kicheko. Nikaona afadhali nimtie mke wangu kwenye gari, maana yeye hajui gia wala kabureta, atasoma mita na kutia saini. Nilimchagua kwa sababu hajui.

Barua yako ilipokaa mfukoni mpaka ikachakaa, nilimwambia mke wangu. Alikuwa anajaribu kubana sindano, mimi ndiye ninayemtungia uzi siku hizi. Nikamweleza yote, kabureta, debe jeusi, yote. Alisubiri nimalize.

"Nilikuwa nimekaa kando yako," akasema. "Gari linanguruma, halafu kimya. Ulidhani mimi ni kiziwi?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nakusubiri. Nilisema tukitoka hospitali atasema. Nikasema plasta ikitolewa atasema. Watu wanakuja hapa kunipa pole, wanamtukana Grisi mbele yangu, nami naitikia, ehe, ehe. Umenifanya niitikie, mume wangu. Mkono utapona."

Tangu tuoane hajawahi kuniambia neno zito kuliko hilo, na alilisema kwa upole, huku anatafuta sindano iliyomdondoka.

Nikaenda karakana. Fundi Grisi alikuwa anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwambia. Hakushtuka, au hakutaka nione. Akaniuliza:

"Waliponisema, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Basi walete," akasema. "Peke yangu sina haja ya kuambiwa. Mimi najua nilivyofunga."

Nilikaa wiki nzima nikitafuta namna ya kumwomba anipunguzie. Sikuipata. Jumamosi nikawakusanya pale kona: mwenye chuo, walimu wenzangu, wenye teksi, na wanafunzi wangu wote waliokuwa na somo asubuhi ile. Mkaza mjomba wako alikuja mwenyewe, sikumwita. Nikasimama karibu na lile gurudumu lake nikasema: breki zilikuwa nzima, fundi huyu alizifunga sawasawa, mimi ndiye niliyezima injini mlimani ili gari langu lionekane halinywi mafuta. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaacha. Mwenye chuo akaniuliza mlima gani, nikamwambia ni ule tunaowafanyia wanafunzi mtihani. Akatazama chini. Yule kijana wake niliyemwangusha alikuwepo pia. Ningefurahi angenitukana.

Wameniondoa barabarani. Sasa nafundisha alama za barabara darasani, kwa chaki, na ni haki yao. Magari ya chuo yamerudi kwa Fundi Grisi, na wenye teksi karibu wote. Kidole gumba cha mkaza mjomba wako kinaanza kubana, ameshashona pindo moja la pazia, limekwenda upande, na amekataa nilisifu.

Andika saba na nukta nne, mpwa wangu. Andika na jinsi ile kumi ilivyopatikana, na kwamba aliyefanya hivyo ni mwalimu wa udereva. Kama mhariri ataona aibu kuichapa, mwambie mwenyewe ameridhia.

Jana nilikwenda karakana tena. Sikuwa na shida ya gari, gari sina. Fundi Grisi alikuwa amelala chini ya pikapu ya chuo, miguu imetokeza nje. Nikasimama pembeni nisubiri atoke tuzungumze. Alijisogeza kidogo, akageuza shingo, akaniona. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Nikaendelea kusimama pale.

Mjomba wako